Simu Isiyo na Jicho

Nilichomoa waya. Hilo tu. Sikumtukana mtu, ingawa huko Kariakoo bado wapo wanaosimulia kwamba nilimrushia bosi kikokotoo. Kikokotoo kilianguka chenyewe.

Ilikuwa saa nne asubuhi, duka limejaa. Bi Somoe alikuwa amerudi kaunta kwa mara ya tatu, kanga ameikaza kiunoni, simu ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya uji wa moto. Bosi akaipokea, akaielekeza kwenye TV bapa kubwa iliyotundikwa ukutani, akagusa kioo. Chaneli ikabadilika. Akagusa tena, sauti ikapanda. Akawageukia wateja wengine.

"Mmeona jamani? Simu nzima, TV inaitika. Huyu bibi tatizo lake si simu. Tatizo ni mzee wake huko nyumbani. Mgonjwa yule, anaielekeza darini."

Watu wakacheka. Winga mmoja, mvuta wateja, aliyekuwa mlangoni akapaza sauti, "Bibi, mwambie mzee hiyo si tochi!"

Bi Somoe akamgeuzia mgongo. Aliniangalia mimi. "Mwanaidi, wewe umefika kwangu. Umeona kwa macho yako. Haya, sema."

Nilikuwa nimeshasema, tena mara mbili, lakini kwa sauti nyembamba, nyuma ya maboksi, ambako mfanyakazi husema mambo ya kweli ili yasisikike. Nikapanda kistuli. Nyuma ya ile TV kulikuwa na kisanduku cha intaneti, kimefichwa wateja wasikione. Nikashika waya wake, nikauvuta.

"Haya bosi. Badilisha chaneli sasa."

Akagusa. Akagusa tena. Akaipigapiga simu kwenye kiganja, kama watu wanavyoipiga rimoti iliyoishiwa betri. TV ikakaa palepale, mwanamke anakaanga vitunguu, sauti ileile.

"Mwanaidi, shuka."

"Nashuka, bosi. Na sipandi tena."

Ndivyo nilivyostaafu kuuza rimoti na simu, nina miaka thelathini na mmoja na mtoto wa miezi minne. Mtacheka mkisikia neno kustaafu. Chekeni. Miaka tisa ya kusimama kaunta Kariakoo inatosha kumstaafisha mtu, miguu yangu ni shahidi. Nawaandikia nyie wadogo zangu mnaosimama pale sasa, mliotoka juzi kidato cha nne na vyeti vyenu kwenye bahasha, kwa sababu najua sentensi mliyofundishwa siku ya kwanza. Hata mimi nilifundishwa: "Hii simu ni rimoti pia, mama, TV yoyote." Neno baya kuliko yote hapo ni lile la mwisho.

Mwalimu wangu wa kazi hakuwa bosi. Alikuwa Fundi Kassim, aliyekuwa na meza yake kwenye ujia kati ya fremu yetu ya duka na ya jirani, meza yenye upana wa sinia. Alifufua rimoti. Akizifungua, anasugua vile vidoa vyeusi chini ya vitufe kwa ufutio wa penseli, anapitisha pamba yenye spiriti, na kitufe kilichokufa kabisa anakibandikia kipande cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Yeye mwenyewe havuti, pakiti aliziokota. Wiki yangu ya kwanza nilimrudishia mteja rimoti nikamwambia imekufa, anunue nyingine. Fundi akaniita.

"Umejuaje imekufa?"

"Nimebonyeza, TV haikuwaka."

"Pengine TV ndiyo iliyokufa. Njoo hapa. Toa simu, fungua kamera. Ya mbele, si ya nyuma."

Akaielekeza ile rimoti kwenye kamera, akabonyeza. Kwenye kioo nikaona kitaa kidogo cha zambarau kinapepesa puani mwa rimoti. Nikaangalia rimoti yenyewe kwa macho, hakuna kitu.

"Hiyo nuru jicho la mtu haliioni," akasema. "Kamera inaiona. Ya nyuma mara nyingi imefundishwa adabu, inajifanya haioni. Ya mbele ni mbea, inasema kila kitu. Ukiona nuru, rimoti nzima, katafute ugonjwa kwenye TV. Usipoona, ndiyo uanze kufungua. Usimuuzie mtu jicho usilolipima."

Katika maneno yote niliyoambiwa Kariakoo, sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ya kushika, na ndiyo niliyoiacha siku nilipoihitaji. Nitafika huko.

Simu za kuwasha TV, nyie mmezikuta zimezoeleka. Sisi tulizipokea kama muujiza. Zilizokuja mwanzo zilikuwa na jicho la kweli, kioo cheusi kidogo juu kabisa, ukubwa wa punje ya mtama, kinachotoa nuru ileile ya zambarau. Hazikuhitaji bando wala intaneti. Zilifanya kazi kupita kiasi. Mteja wangu mmoja, balozi wa nyumba kumi, mtu mzima na kofia yake, alinunua moja, akaenda nayo kwenye kibanda umiza kuangalia mpira. Timu yake ilipokuwa inaelekea kufungwa, TV ikazimika. Wakaiwasha. Mpira wa adhabu, ikazimika tena. Wakamgombeza mwenye kibanda, wakataka kiingilio chao. Aliyemuumbua balozi ni mke wake, aliyekuwa anauza kachori mlangoni. "Mwangalieni huyo mwenye kofia," akasema. "Tangu mchana anazima TV ya kwangu namna hiyohiyo."

Kesho yake balozi alikuja dukani kuniuliza kama simu hiyo ina namna ya kuwasha bila kuzima.

Upumbavu wa wateja nimeuona, sikatai, na nyie mtauona. Mtamwona wa kuishi na rimoti ndani ya mfuko wake wa nailoni miaka mitano, halafu analalamika vitufe vigumu. Mtamwona mwenye kuhesabu matangazo: akitaka kuongeza sauti, simu inamletea kwanza tangazo la mchezo wa kupanga peremende, akilifunga, taarifa ya habari imeisha. Na mtawaona wa kitambaa. Kuna mama mmoja wa Ilala alinirudishia simu mara tatu. Nilipima jicho kwa kamera, linapepesa vizuri. Mara ya nne nikamwuliza, "Mama, TV yako umeivika kitambaa?" Akakasirika. "Sasa niiache uchi? Nimekifuma mwenyewe, kina maua hadi chini." Hadi chini, ndiyo. Maua yamefunika jicho la TV. Nikamwambia alipandishe ua moja. Alinipigia simu jioni ileile kunishukuru.

Nikazoea. Hapo ndipo pabaya. Ukishazoea kwamba mteja ndiye mjinga, siku mjinga akiwa wewe hujui.

Bi Somoe alikuja dukani siku ya nane tangu nirudi kazini kutoka uzazi. Mwanangu Shamsa alikuwa na miezi minne, kabaki kwa mama yangu. Nilikuwa nakamua maziwa stoo, katikati ya maboksi ya TV, mlango nimeuegemea kwa mgongo kwa sababu hauna kitasa. Bosi alikuwa anagonga. "Mwanaidi, wateja! Unakamua ng'ombe?" Nikatoka blauzi imelowa upande mmoja, nimejifunika na daftari la risiti.

Bi Somoe ni mtu wa Lindi, anauza korosho za kukaanga pale Mnazi Mmoja, kwenye vifuko vidogo. Alisubiri zamu yake, nikamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nataka simu ya kuwashia TV. Nimeambiwa zipo."

"Zipo bibi. Lakini kama ni TV tu, si ununue rimoti? Bei yake ndogo."

"Rimoti ninazo tatu. Mzee wangu Issa kapooza upande wa kulia. Huu wa kushoto umebaki na uhai kidogo. Kidole chake kinagusa, hakibonyezi. Mipira ya rimoti inamshinda. Jirani ana simu kama hiyo, ukiigusa tu imesikia. Alimpa mzee aishike, mzee akaifungua picha moja baada ya nyingine mwenyewe. Nilifurahi nikasahau korosho jikoni, zikaungua."

Akanieleza na kingine. Yeye hutoka asubuhi, hurudi alasiri. Katikati umeme unakatika. Ukirudi, ile TV yao inarudi kwenye chenga tupu, picha hakuna, sauti ya juu kabisa. Mzee amelala pale, hawezi kuinuka, hawezi kuita, na TV inamvumia usoni mpaka mkewe arudi. "Siku nyingine namkuta machozi yamekauka mashavuni," akasema. "Mwanamume aliyekuwa anabeba magunia mawili."

Tulikuwa na mzigo mpya wa simu, sura ileile ya zile za jicho. Boksi lilelile, rangi ileile, juu pana kitundu. Nikamwonyesha kitundu.

"Hili ndilo jicho?"

"Ndilo, bibi."

"Inawasha TV yangu? Ni ile ya zamani, ya chogo."

"TV yoyote, bibi. Wallahi."

Niliapa. Kifua kinaniuma, bosi ananitolea macho, mtoto wangu analia huko nisikomsikia, na nimeapia kitu ambacho sikukipima. Meza ya Fundi Kassim ilikuwa hatua nne kutoka pale. Kamera ilikuwa mfukoni mwangu. Kisha nikaandika risiti kwa mkono, na chini yake, kwa amri ya bosi kwa kila muuzaji, nikaweka jina langu. Bosi alituambia ni kwa ajili ya uaminifu. Maana yake mtaielewa mteja atakaporudi: atalitafuta jina lako, si lake.

Alirudi baada ya siku mbili. Nikamwuliza kuhusu kitambaa. Ndiyo, nilithubutu. Akasema TV yake haina kitambaa, alikikata akamshonea mtoto wa jirani, Shamsa, nguo ya mdoli. Nikacheka kwa sababu ni jina la mwanangu. Nikamwambia aguse polepole. Akaenda.

Akarudi tena. Safari hii aliniwekea kifuko cha korosho kaunta, akasema, "Twende ukaone." Saa ya chakula nikaenda naye, chumba kimoja mtaa wa nyuma, hatua chache tu. Mzee Issa alikuwa amelazwa ubavu, uso umeelekea TV. Nikamwamkia, midomo ikajitahidi. Bi Somoe akamwekea simu kifuani. Kile kidole gumba cha kushoto kikapanda, taratibu, kama kinyonga, kikatua juu ya kialama cha kuwasha. Kikagusa sawasawa. Hakikukosea hata kidogo. TV kimya.

Akagusa tena. Aliniangalia, akagusa tena, kana kwamba ananiomba radhi kwa kutojua.

Hapo ndipo nikatoa simu yangu. Kamera ya mbele. Nikaielekeza kwenye kile kitundu juu ya simu yake, nikamwambia, "Mzee, gusa." Kidole kikashuka. Kwenye kioo changu hakikupepesa kitu. Nikafunga pazia, chumba kikawa giza. Gusa, mzee. Hakuna.

Lilikuwa tundu la kipaza sauti. Simu haikuwa na jicho kabisa. Ilikuwa inaongea na TV za intaneti tu, zile bapa mpya, tena simu na TV ziwe zimeunganishwa kwenye intaneti moja. Ndiyo maana kila simu iliwasha TV ya dukani kwetu. Ile TV ingeitikia hata birika. TV ya chogo haijawahi kusikia habari ya intaneti maisha yake yote.

Fundi Kassim alijaribu kusaidia, alileta kijicho kidogo cha nuru cha kuchomeka kwenye tundu la chaji. Siku ya kwanza kikachomoka mzee alipogeuzwa, siku ya pili kikamezwa na godoro. Tena kikiwa kimechomekwa simu haichajiwi. Tukakiacha.

Basi nikamwendea bosi nyuma ya maboksi. Nikamwambia mzigo huu hauna jicho, tumbadilishie bibi, zile za zamani zimebaki mbili kabatini.

"Mwanaidi, soma ukutani."

Ukutani pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Naijua, niliibandika mwenyewe.

"Bosi, hatujauza alichoomba. Aliomba jicho."

"Nani alimwambia lipo? Risiti ina jina la nani?"

Nikarudi kaunta. Siku ya pili nikamwambia tena, akanijibu kwamba tangu nizae nimekuwa na huruma nyingi kuliko mauzo. Siku iliyofuata ndiyo ile ya waya.

Mnadhani nilitoka pale shujaa? Nilitoka nikiwa na mfuko wa plastiki wenye chupa ya maziwa na kandambili zangu. Wateja watatu walizirudisha kaunta simu walizokuwa wameshika, hiyo kweli, nimeona. Lakini Bi Somoe naye alitoka na simu ileile. Kupoteza kwangu kazi hakukuwasha TV ya mtu. Tulisimama nje kwenye jua, mikokoteni inatupigia kelele tupishe, akasema, "Sasa wewe umekosa na mimi nimekosa. Mzee je?"

Hilo swali ndilo lililonipeleka Posta, katikati ya mji. Najua wengi wenu mnaogopa ofisi. Mimi pia. Nilivaa gauni la harusi ya dada yangu, nikamfunga Shamsa mgongoni, nikakatisha Mnazi Mmoja kwa miguu hadi ofisi moja inayopokea malalamiko ya wanunuzi. Dirishani kuna kaka mmoja wa miwani.

"Wewe ndiye mnunuzi?"

"Mimi ndiye muuzaji."

Akavua miwani. "Muuzaji analalamika nini?"

"Nimeuza uongo. Nataka kuushtaki."

Akanipa fomu na kuniambia mlalamikaji awe mwenye kutumia bidhaa, asaini mwenyewe au aweke dole gumba. Nikarudi nayo hadi kitandani kwa Mzee Issa. Nikaandika kwa kalamu ya wino mweusi, kwa mwandiko wangu wa shule, bila kupamba. Niliandika kwamba duka liliuza simu kama rimoti ya TV yoyote, na simu hiyo haina jicho. Kwamba TV ya dukani ya kujaribia imeunganishwa na kisanduku kilichofichwa, hivyo jaribio lile si jaribio. Kwamba mimi, Mwanaidi, muuzaji, niliapa bila kupima, na hilo liandikwe pia. Kwamba mlalamikaji haombi fidia, anaomba abadilishiwe apewe moja ya zile mbili zenye jicho zilizo kabatini, rafu ya juu, mkono wa kulia. Kwamba kuanzia sasa simu ikijaribiwa dukani, waya uchomolewe kwanza, mteja akiona.

Nikamsomea yote. Mzee akafumba macho na kuyafumbua, ndiyo yake hiyo. Kidau cha wino hatuna, nikampaka kidole kwa bolipeni, nikamshikia karatasi. Kidole kikapanda, kikatua.

Kesho yake yule kaka wa dirishani akaisoma yote, akatikisa kichwa mara mbili akiwa anasoma, akafika chini. Akainyanyua fomu kwenye mwanga.

"Dada, alama yenyewe hafifu hii. Haionekani. Mwambie mzee abonyeze vizuri."

Shamsa mgongoni akaanza kulia. Nilihisi ule mkono uliochomoa waya unawasha. Nikamwomba kalamu, nikaivuta fomu, na kando ya kile kivuli cha dole gumba nikaandika:

*Mlalamikaji anagusa, habonyezi. Ndiyo maana alinunuliwa simu.*

Akaisoma. Akachukua muhuri wa kupokelea malalamiko, akaugonga juu yake, akaniuliza namba yangu ya simu.